Mti Ndani ya Mtu: Pinocchio, Filamu Zake na Uwanda wa Makonde

Mtu anaweza kuuliza kwa haki kabisa: riwaya ya watoto iliyoandikwa Italia zaidi ya miaka 140 iliyopita inatafuta nini Mtwara, penye korosho, gesi na bandari yake? Nitajibu kwa kuitazama riwaya yenyewe. Pinocchio ni hadithi ya mchongaji na kipande cha mti kinachopata uhai, na katika Tanzania nzima ni vigumu kutaja mahali ambapo jambo hilo limefikiriwa kwa muda mrefu, kwa patasi na kwa masimulizi, kuliko eneo hili linaloanzia mdomo wa Ruvuma na kupanda hadi Newala na Tandahimba. Filamu nyingi zimetengenezwa kutokana na kitabu hicho, na kwa kawaida wahakiki huzipima kwa mambo mawili: zimekifuata kitabu kwa kiasi gani, na picha zake zinapendeza vipi. Ninapendekeza kipimo cha tatu, ambacho naona kinazidi hivyo viwili kwa uzito. Hadithi ya mti unaogeuka mtu ipimwe kwa namna inavyoutendea ule mti: umetoka wapi, umelipiwa nini ili uwe mtu, na ukishakuwa mtu kumbukumbu yake inawekwa wapi. Kwa kipimo hicho, filamu iliyo maarufu kuliko zote inapungukiwa, kitabu chenyewe kina dosari mwishoni, na simulizi ya Wamakonde juu ya asili yao ina jibu ambalo watengenezaji wa filamu walilikaribia juzijuzi tu.

Simulizi hiyo iliandikwa na wageni mwanzoni mwa karne ya 20. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani kutoka Leipzig aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliiingiza katika kitabu chake cha mwaka 1908. Inasema kwamba alikuwapo kiumbe ambaye alikuwa bado hajawa mtu. Aliishi porini peke yake, haogi wala hakati nywele. Siku moja akachonga sanamu ya mtu kwa mti wa porini, akaisimamisha penye makazi yake, na usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wawili hao wakateremka hadi Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakauvuka uwanda hadi bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Ndipo wakarudi juu kwenye vichaka vya Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Mzee akawaachia wanawe amri: wafu wazikwe wakiwa wamesimama, kwa kumkumbuka mama aliyepata uhai akiwa amesimama, na wasijenge mabondeni karibu na mito mikubwa, kwa sababu huko kuna maradhi na mauti. Yapo hapa mambo matatu ya kuzingatia. Mchongaji mwenyewe hajakamilika. Anakuwa mtu pamoja na kazi ya mikono yake. Tena, kuzinduka kwa sanamu si mwisho wa shida, kwa kuwa baada yake yanafuata mazishi mawili. Na mti hausahauliki, umegeuzwa sheria. Amri ya pili nayo ina gharama yake, maana uwanda ule hauna mto, na vizazi vya wanawake vimeteremka na kupanda magenge kufuata maji. Wajukuu wa kinyago wameendelea kulipa.

Sasa tumgeukie Mwitalia. Carlo Lorenzini, mzaliwa wa Firenze mwaka 1826, alijiita Collodi kwa jina la kijiji cha mama yake. Kuanzia Julai 1881 alianza kuandika katika gazeti la watoto hadithi ya karagosi wa mti, sehemu baada ya sehemu, na kitabu kizima chenye sura 36 kikatoka mwaka 1883. Watu wengi wanaomjua Pinocchio kwa picha hushangaa wakikisoma. Mti wa Collodi hausubiri mchongaji wala mzimu ndipo upate sauti; unalalamika ukiwa bado gogo la kuni, kabla shoka halijaugusa. Fundi wa kwanza anaogopa na kumpa mwenzake, Geppetto, mzee fukara anayetaka karagosi wa kucheza naye mitaani ili apate mkate na divai. Macho yakichongwa tu, yanamkodolea. Pua inarefuka kila ikipunguzwa. Mikono inamnyang'anya nywele zake za bandia. Miguu inampiga teke na kutimua mbio. Wahenga walituambia kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Collodi anajibu kwamba kinaweza, na tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndani ya mti kuna nia isiyotoka kwa fundi.

Kinachoujaza ukurasa baada ya ukurasa ni njaa. Chungu kinachofuka mvuke ndani ya nyumba ya Geppetto kimechorwa ukutani. Pinocchio anapewa mapeari matatu, anadai yamenywe, kisha njaa inamrudisha kula maganda na mioyo yake. Geppetto anauza koti lake wakati wa baridi ili amnunulie kitabu cha alfabeti, na mtoto anakiuza kitabu hicho aingie kwenye mchezo wa makaragosi. Hata pua ile mashuhuri hurefushwa na uongo katika sehemu chache tu za kitabu, na kuna mahali inarefuka kwa mshtuko wa mwenye njaa anayegundua kwamba chungu ni picha. Bei ya kuwa mtu inatajwa mwishoni bila mapambo. Pinocchio anaogelea akiwa amembeba baba yake kuelekea nchi kavu, kisha kwa miezi anazungusha gurudumu la kuteka maji ili mzee apate bilauri ya maziwa, anasuka vikapu, anajifunza kuandika kwa kijiti, na akiba aliyojiwekea kwa ajili ya nguo mpya anaitoa kumtibu malaika aliyemlea. Baada ya hayo ndipo anaamka akiwa mvulana. Lakini hapo Collodi anateleza. Mvulana anamkuta karagosi wa zamani ameegemezwa kitini, shingo upande, mikono ikining'inia, naye anamtazama na kumcheka. Mti uliovumilia kunyongwa, kuungua miguu na kumezwa na papa unaachwa kama takataka, na aliyekuwa ndani yake anaona fahari kwamba si yeye tena.

Filamu ya Walt Disney ya mwaka 1940 ndiyo iliyomfikisha Pinocchio duniani kote, na kwa watu wengi ndiyo hadithi yenyewe. Ndani yake mti hauna asili. Tunamkuta karagosi amekwisha kukamilika na kupakwa rangi, kabaki mdomo tu. Hakuna gogo, hakuna sauti, hakuna fundi wa kwanza aliyeogopa. Geppetto amekuwa mzee mwenye nyumba iliyojaa saa za kuvutia, paka na samaki wa dhahabu, na tatizo lake ni upweke wala si mkate. Anaiomba nyota, malaika wa buluu anateremka, uhai unatolewa kama zawadi. Papa wa Collodi amegeuzwa nyangumi. Nyenje msemaji, ambaye katika kitabu anauawa kwa nyundo kwenye sura ya nne, amefanywa dhamiri yenye kofia na mwavuli inayotembea na mtoto kila aendako. Mwishoni Pinocchio anakufa akimwokoa baba yake na kufufuliwa akiwa nyama na damu, na mti unayeyuka ndani ya nuru. Hata kile kiti cha Collodi hakipo. Jumla yake ni kwamba mti ulikuwa vazi la muda. Haukutoka popote na haukwenda popote.

Nitaambiwa kwamba naionea filamu ya watoto. Ni kazi ya watu waliochora kila picha kwa mkono, ilipata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake, na mtoto wa miaka sita hahitaji somo la ufukara wa Toscana. Nakubali ukubwa wa kazi, na nakubali zaidi ya hapo: tukio ambalo mvulana mtundu anageuka punda, mikono ikawa kwato huku akimwita mama yake, ni la kutisha kuliko lolote alilotufanyia Collodi. Lakini kukubali huko kunaunga mkono hoja yangu. Tukio lile lina nguvu kwa sababu ndipo mahali pekee katika filamu ambapo mwili una historia: mtu anapoteza umbo lake kwa sababu tunayoijua, na hawezi kulirudisha. Watoto wamelivumilia kwa zaidi ya miaka 80. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba njaa, kazi na gharama ziliondolewa kuwahurumia watoto. Ziliondolewa kwa sababu hadithi ilikuwa imehamishwa kutoka kwenye swali la kazi kwenda kwenye swali la matamanio, na anayetamani kwa nyota hahitaji kuujua mti.

Waitaliano wenyewe walijaribu kuurudisha. Luigi Comencini, katika filamu yake ya televisheni ya mwaka 1972, aliirudisha njaa na ufukara kwa uaminifu mkubwa, Nino Manfredi akiigiza Geppetto. Ila alibadili jambo moja kubwa: karagosi anageuzwa mvulana mapema kabisa, na kila akikosea anarudishwa kuwa mti. Ni ubunifu wenye akili, kwa maana unaonyesha watu wazima wakitumia ubinadamu wa mtoto kama dhamana, wanaompa leo na kumnyang'anya kesho. Udhaifu wake ni kwamba mti umekuwa adhabu tu. Matteo Garrone, mwaka 2019, alikwenda njia nyingine: uso wa mtoto mwigizaji ulifunikwa kwa ufundi hadi ukaonyesha mishipa ya mbao na nyufa zake, na mtazamaji hawezi kusahau hata kwa dakika moja kwamba kitu hiki kilikuwa mti. Ajabu ni kwamba hata kampuni ya Disney, iliporudia filamu yake mwaka 2022 chini ya Robert Zemeckis, haikuthubutu tena kuufuta mti waziwazi. Iliacha swali la kama mtoto aligeuka nyama bila jibu la moja kwa moja.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Guillermo del Toro wa Meksiko, ambaye filamu yake aliyoiongoza pamoja na Mark Gustafson ilitoka mwaka huohuo wa 2022 na kupata Oscar ya filamu bora ya uhuishaji mwaka 2023. Humo hakuna michoro: makaragosi halisi yalisogezwa kwa mkono, kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine. Mti una asili. Mtoto wa Geppetto ameuawa kwa bomu lililoangukia kanisa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, msonobari umeota penye kaburi lake, na baba aliyelewa kwa majonzi anaukata usiku na kuchonga kwa hasira. Kinachotoka hakijamalizika, sikio ni moja, misumari imechomoza mgongoni. Kanisani karagosi anauona msalaba uliochongwa na Geppetto huyohuyo, na anashangaa kwa nini watu humpenda yule wa mti na kumchukia yeye wa mti. Kisha filamu inaiweka hadithi katika Italia ya Mussolini, ambako mtoto asiyekufa anatazamwa na wakubwa kama askari bora. Hadi mwisho Pinocchio hageuki nyama. Baba ndiye anayegeuka: anakubali kwamba alikuwa akidai mtoto mwingine ndani ya huyu.

Hapo linaingia pingamizi zito kuliko yote, nalo linamhusu Collodi moja kwa moja. Je, habari hizi za kazi na utii si mahubiri ya mwalimu mwenye fimbo? Watu wa kusini mwa Tanzania wanayajua mahubiri hayo. Wajerumani waliwalimisha pamba kwa nguvu, na Vita ya Majimaji ya mwaka 1905 ikawa jibu. Waingereza nao, katika mradi wao wa karanga wa miaka ya 1940, waliahidi ustawi na kuacha bandari ya Mtwara na reli iliyokuja kung'olewa. Kusikia tena kwamba mtu huwa mtu kwa kutii na kufanya kazi kunaweza kuchosha. Lakini kitabu hakisemi hivyo kwa wepisi. Hakimu wa Collodi ni sokwe anayemfunga aliyeibiwa kwa kosa la kuibiwa; Geppetto anatupwa rumande bila kosa; serikali haipewi heshima hata moja. Kazi inayomfanya Pinocchio mtu haikuamriwa na polisi wala tajiri, ni maziwa ya mgonjwa aliye nyumbani. Na hadithi ilikusudiwa kwanza kuishia sura ya 15, karagosi akining'inia mtini. Ni wasomaji wadogo waliodai aendelee kuishi. Del Toro aliliona pingamizi hili na kulijibu kwa kugawa mambo mawili: utii kwa dola akaufanya upotevu, kumbeba baba akaacha kuwe wema. Mgawanyo huo tayari ulikuwamo kitabuni. Yeye aliupigia mstari.

Hata hivyo del Toro naye ana deni. Kama karagosi anabaki mti milele, na kukubaliwa alivyo ndiko kila kitu, basi hadithi imepoteza nusu ya ukweli wake, kwa sababu watoto hawabaki walivyo na hawatakiwi kubaki. Collodi alijua kukua akasahau kumbukumbu. Del Toro alihifadhi kumbukumbu akakataa kukua. Simulizi ya Mahuta haikulazimika kuchagua. Kinyago kinakuwa mwanamke kamili, anayeoga, anayezaa, anayefiwa. Hakuna anayedai abaki mti. Na bado mti wake unasimama ndani ya kila kaburi la wazao wake. Ukiziweka hadithi hizi mbele ya kipimo nilichokitaja mwanzoni, yenye majibu yote matatu ndiyo hii fupi kuliko zote: mti umetoka porini, umelipiwa kwa watoto wawili na kwa maji ya mbali, na umewekwa katika sheria ya mazishi.

Yapo mapingamizi mawili ya kujibu kwa upande wa simulizi hiyo pia. La kwanza ni kwamba mwanamke yule alichongwa kumwondolea mwanamume upweke, na katika maandishi ya Weule hasemi neno. Ni kweli, na maandishi yalipitia masikio ya wanaume, wengi wao wageni. Lakini tuangalie simulizi inampa nani heshima ya asili: amri ya kaburi inamkumbuka mama, si mchongaji, na hilo linaafikiana na jamii ambayo ukoo wake umehesabiwa upande wa mama. La pili ni kwamba nalinganisha visivyolingana, hekaya ya asili ya kabila na kitabu cha kuuzia watoto. Sidai kwamba Collodi aliwasikia Wamakonde, wala wao yeye. Nadai kwamba pwani hii haikuhitaji kufundishwa lugha ya hadithi yake. Mwaka 1870, miaka 13 kabla ya kitabu cha Collodi, Edward Steere alichapisha London ngano za Kiswahili alizozikusanya Unguja, na mojawapo ina papa anayembeba kima baharini ili moyo wake ukatibu maradhi, na ndani yake punda wa dobi anayepotea kwa kukosa akili. Mwaka 1876 Steere huyo akafika Masasi na kundi la watumwa walioachiwa huru. Punda mjinga na papa mlaji walikuwa wenyeji wa masimulizi yetu kabla Pinocchio hajachongwa. Na mapiko, vinyago vinavyovaliwa kichwani wakati wa kuwatoa wali, vimewafundisha watoto wa uwandani kwamba mti ukicheza mbele yako, swali la nani yumo ndani lina wakati wake wa kujibiwa.

Kutokana na haya nahitimisha kwa jambo la kazi. Itakuja siku, na vijana wenye kamera wa Mtwara wasiione mbali, simulizi ya Mahuta itakapowekwa kwenye filamu. Wapo watakaodai ifuate maandishi ya Weule neno kwa neno. Sioni sababu, kwani watazamaji wa vibanda vya video walimzoea Lufufu wa Dar es Salaam akiwapa filamu za kigeni kwa Kiswahili chake, akipunguza na kuongeza, na mara nyingine filamu ikafaidika. Badilisheni matukio mnavyoona. Mnaweza kumpa mwanamke sauti, kumfanya mchongaji kijana, hata kuleta bomba la gesi la Mnazi Bay lipite nyuma ya picha. Siri za mapiko ziacheni kwa wenyewe, kwa kuwa hadithi haizihitaji. Ila msiwaruke watoto wawili waliokufa kwa hofu kwamba watazamaji watahuzunika, na msiimalize filamu usiku ule sanamu inapofumbua macho, ingawa ndipo picha itakapopendeza zaidi. Filamu itakayoishia hapo itakuwa ya Disney iliyovaa kanga, na kuwa yetu hakutaipunguzia dosari hata moja.